Laptopu ya 2016 bado iko mezani kwangu: lini ubadilishe kipuri, lini ubadilishe mashine nzima

#1 Mleta uzi (Morogoro)

Wakuu salaam.

Haipiti wiki bila mtu kuniuliza: "Laptopu yangu imekuwa nzito, ina miaka sita sasa, ninunue nyingine?" Mimi si fundi. Kazi yangu ni kufunga hesabu za maduka na vikundi vya kukopeshana, kwa hiyo laptopu ndiyo jembe langu. Nimeamua kuandika yote niliyopitia na mashine moja tangu 2019, mtu apime mwenyewe kabla hajatoa hela mfukoni.

Mashine ni HP EliteBook 840 G3, toleo la 2016. Niliinunua Kariakoo ikiwa mtumba wa Uingereza, laki tano na nusu. Mtumba wa kule unaujua kwa kibodi: kwenye tarakimu 3 kuna alama ya pauni. Prosesa (ubongo wa mashine) i5-6300U, RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi ulizofungua) GB 8, na diski ya zamani ile inayozunguka, GB 500.

Mwaka wa kwanza nilijuta. Nawasha, naenda kuchemsha chai, narudi bado duara linazunguka. Nilipima kwa simu: dakika tatu na sekunde kadhaa hadi nifungue Excel. Kila mtu akaniambia imechoka, uza. Kijana mmoja wa stationery jirani akanifungulia dirisha la Task Manager, lile la Windows linaloonyesha kila sehemu inafanya kazi kiasi gani, akanionyesha mstari wa diski umeganda kwenye asilimia 100 wakati prosesa imekaa kwenye 12. "Kaka, prosesa yako haina kazi. Inaisubiri diski."

Hapo ndipo nilipoelewa. Diski inayozunguka ina kichwa cha kusomea ambacho lazima kisogee kufuata data ilipo, na Windows ikiwaka inadai maelfu ya vifaili vilivyotawanyika. SSD, diski inayohifadhi kwenye chipu, haina kinachosogea. Watu hutaja kasi ya kusoma, MB 100 hivi kwa sekunde dhidi ya 500 na zaidi kwa SSD ya SATA (aina ya kiunganishi), lakini tofauti kubwa iko kwenye hivyo vifaili vidogo. Nilinunua SSD ya GB 256 kwa elfu 75, nikaweka Windows upya. Sekunde ishirini na kitu, imewaka. Mashine ile ile ambayo nilitaka kuiuza kwa laki mbili!

Kwa hiyo mtu akiniambia laptopu ni nzito, swali langu la kwanza ni diski gani iko ndani. Kama ni ya kuzunguka, tusijadili lingine kwanza.

2021 betri. Nilikuwa nakwenda kwa wateja, umeme ukikatika nina dakika arobaini tu za kuokoa kazi. Kuna amri moja ya kuijua: fungua dirisha la amri la Windows, andika powercfg /batteryreport, itakutengenezea ukurasa. Humo tafuta mistari miwili, DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Yangu ilizaliwa na mWh (kipimo cha umeme unaoingia betrini) 46,000 na ushee, ilikuwa imebaki na 17,300. Haikuhitaji mganga. Betri za lithiamu huchakaa kwa mizunguko ya kuchaji na kwa joto. Nyingi za laptopu za kawaida hukaa vizuri kwa mizunguko 300 hadi 500, za MacBook zimepangiwa 1,000. Ukiiacha imechomekwa saa zote huku imejaa na inachemka, inachakaa hata kama hujaitumia. Elfu 85 nikapata nyingine.

2022 ikaanza kuunguruma. Feni inapiga kelele kama inataka kuruka, paja linaungua, na ikishapata moto kazi inakuwa ya kinyonga. Nikadhani prosesa inakufa. Tulipofungua kifuniko cha chini, kati ya feni na vile vibati vyembamba vya kupoozea kulikuwa na vumbi lililoshikana likawa kama kipande cha blanketi, la kijivu, limenyooka kufuata mlango wa hewa. Fundi alilitoa zima zima kwa kibano. Pesti ya prosesa, ile krimu ya kupitishia joto, ilikuwa imekauka, inabanduka kama rangi ya ukuta. Elfu 20, usafi na pesti mpya. Prosesa ikizidiwa na joto hujipunguza kasi yenyewe ili isiungue, na mwenye mashine anaona "imezeeka".

2023 nikaongeza RAM, 8 kwenda 16, elfu 60. Hii nakiri faida yake niliiona tu siku ninazofungua vitabu vikubwa vya Excel pamoja na kivinjari chenye kurasa ishirini. Kama matumizi yako ni Word na barua pepe, RAM 8 zinakutosha, hela hiyo fanyia mengine.

Jumla nimetia laki mbili na elfu arobaini ndani ya miaka minne, na mashine ikawa bora kuliko siku niliyoinunua.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nianzishe uzi huu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya usalama ya Windows 10. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka), na kwa Intel prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Yangu ni kizazi cha 6. Hapa hakuna bisibisi inayosaidia, prosesa imechomelewa kwenye bodi. Zipo njia za kulazimisha Windows 11 iingie, nimeona watu wanazitumia. Mimi sikutaka. Ndani ya laptopu hii kuna hesabu za akina mama waliokabidhi akiba zao kwa kikundi, wakaniamini mimi nizitunze. Sitaki siku moja sasisho ligome, au mlango ubaki wazi, halafu nianze kuwaeleza habari za TPM.

Nilichofanya: nimejiandikisha kwenye mpango wa masasisho ya ziada ya Windows 10, ambao kwa watumiaji wa kawaida mwisho wake ni 13 Oktoba 2026. Naweka akiba kidogo kidogo. Muda ukifika nahamia mashine ya kizazi cha 8 au zaidi, na hii naiwekea Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, watoto wasomee.

Msimamo wangu basi: miaka haihesabiki. Jiulize kinachokukwamisha ni kitu gani, na je, kinafunguka? Diski, RAM, betri, feni, kibodi, hivyo vinafunguka kwenye mashine nyingi za kiofisi. Prosesa na mwisho wa masasisho havifunguki. Karibuni mnikosoe.

#2 Fundi (Arusha)

Mkuu umeeleza vizuri kuliko mafundi wengi. Niongeze upande wa mezani kwangu.

Laptopu nyingi ninazoletewa hazijafa kwa uzee. Zimeuawa na bawaba. Bawaba ikikaza, kila ukifunua kifuniko nguvu yote inakwenda kwenye vile vidude vya shaba vilivyopandikizwa ndani ya plastiki. Siku moja unasikia "ta!", kona imeachia, mteja anaendelea kufungua hivyo hivyo mpaka waya wa skrini unakatika. Ukiona tu kifuniko kinakuwa kigumu, au plastiki ya kona inaachana ukifunua, leta. Nafungua, nalegeza nati ya bawaba nusu mzunguko, inaisha hapo. Ni kazi ya dakika ishirini. Ukingoja mpaka plastiki ivunjike, tunaongelea gamba zima. Na jamani fungueni kwa kushika katikati ya kifuniko, siyo kona.

La pili ni chaja za mtaani. Chaja ina volti na ampea zimeandikwa, soma ya laptopu yako ulinganishe. Volti lazima zilingane. Ampea za chaja zikiwa nyingi kuliko zinazohitajika hakuna neno, zikiwa chache chaja inachemka na betri haijai.

La tatu ni la hatari. Ukiona padi ya kipanya imeinuka, au laptopu haikai sawa juu ya meza, hiyo ni betri imevimba. Zima, chomoa chaja, usiibonyeze irudi chini, usiitoboe. Nimeletewa moja mteja kaiwekea kitabu kizito juu ili "inyooke". Ile ikitobolewa inawaka moto.

#3 Mpiga video za harusi (Dar)

Wakuu kwa heshima zote napingana na mleta uzi kidogo. Ushauri wake ni sahihi kwa mtu wa Excel. Kwa sisi wa video unaweza kukupotezea miaka.

Mimi nilikuwa na mashine ya kizazi cha 6 kama yake. Nikatia SSD, nikatia RAM mpaka 32, kila mtu aliniambia "ongeza RAM". Video za kamera yangu ni H.265 (namna ya kubana video) ya biti 10. Nikizivuta kwenye programu ya kuhariri, picha inatembea fremu moja, inasimama. Nikawa natengeneza nakala nyepesi kwanza usiku kucha, nahariri mchana, natoa usiku mwingine. Harusi moja siku nne, mama wa bibi harusi anapiga simu kila asubuhi.

Kumbe ndani ya prosesa kuna sehemu maalumu ya kufungulia video, na ile ya Intel kizazi cha 6 ina uwezo kamili kwa H.265 ya biti 8 tu. Ya biti 10 ilianza kufunguliwa sawasawa kizazi cha 7. Kwa hiyo RAM zangu 32 zilikuwa zimekaa zinatazamana. Hela ile yote ningeitunza ningefika mapema.

Nikachukua MacBook Air ya M1, ile ya 2020, mtumba. Harusi natoa kwa siku moja na nusu. Kwa mtu ambaye mashine inamwingizia hela, hesabu siku unazopoteza uzizidishe kwa unacholipwa, jibu litakuja lenyewe. Angalizo tu, humo RAM na hifadhi vyote vimechomelewa. Ulichonunua siku ya kwanza ndicho utakachokufa nacho. Mimi nilichukua RAM 8 kwa kubana hela na leo ndiyo inayoniumiza.

#4 Mleta uzi

Mkuu wa video, hapo hatupingani, umenifundisha. Hilo la sehemu ya kufungulia video nilikuwa silijui. Ndiyo maana nasema kwanza ujue kinachokwamisha ni nini, na wewe kilikuwa kwenye prosesa. Aliyekuambia uongeze RAM hakufungua Task Manager aone.

Na kwa wanaonunua mtumba sasa hivi, kuna sababu nyingine ya kutoshuka chini ya kizazi cha 8, mbali na Windows 11. i5-6300U yangu ina koa 2, yaani viini viwili vya kufanyia kazi. i5-8350U ya kizazi cha 8, mashine ya daraja lile lile, ina koa 4. Kabla ya hapo Intel walikaa miaka mingi na koa mbili kwenye i5 za laptopu nyembamba. Kizazi, kwa hizi za kabla ya cha 10, unakisoma kwenye tarakimu ya kwanza baada ya mstari: i5-6300U ni cha 6, i5-8350U ni cha 8. Muuzaji anayekujibu "ni Core i5 bosi, iko poa" hajakuambia kitu.

#5 Mwanachuo

Kaka mleta uzi naomba msaada. Mimi yangu nilinunuliwa mpya kabisa dukani 2022, Celeron N4020, RAM 4, hifadhi GB 64 wameandika eMMC. Ina miaka michache tu lakini ni nzito kuliko hiyo yako ya 2016. Windows 11 ipo, ila kila wiki inaniambia nafasi imejaa. Nipo mwaka wa tatu naandika utafiti, Word ikifika kurasa 60 zenye majedwali inaganda. Nitie RAM?

#6 Mleta uzi

Pole sana mdogo wangu. Nyie ndio mnaoumizwa zaidi, mzazi kajinyima kanunua mpya akiamini mpya ni bora. Mpya wa bei ya chini mara nyingi unazidiwa na mtumba wa kiofisi wa bei ile ile.

RAM za mashine kama hiyo kwa kawaida zimechomelewa, usimpe mtu hela ya "kuongeza RAM" kabla hajakufungulia ukaona tundu la RAM kwa macho yako. eMMC, ile hifadhi yako ya chipu ya bei nafuu, nayo iko kwenye bodi. Lakini usikate tamaa: baadhi ya mashine hizi zina nafasi tupu ya SSD ndogo ya M.2 (ile nyembamba kama kijiti), mwenye mashine hajui. Mpelekee fundi unayemwamini akufungulie kifuniko tu. Kama nafasi ipo, SSD ya GB 256 ndiyo tiba yako, Windows ihamie huko.

Kama haipo, hamisha faili zako, weka Linux Mint toleo la Xfce, ni jepesi. Utafiti uandikie LibreOffice (programu ya bure inayofanana na Word na Excel), ila kabla ya kukabidhi pitia mpangilio kwenye kompyuta yenye Word, maana majedwali huhamahama. Na tafadhali, leo hii kabla ya kulala, nakili utafiti wako sehemu mbili nje ya hiyo laptopu.

#7 Mwenzenu wa Mombasa

Hapa Pwani mitumba ni ile ile, nyingi zilikuwa za makampuni huko ng'ambo. Nami nna la kuwaonya. Mwaka juzi nilinunua moja nzuri mno, haina mkwaruzo. Nimefika nyumbani nataka kuweka Windows upya kwa flashi, inanidai nywila ya BIOS, ile mipangilio ya ndani inayotangulia kabla Windows haijawaka. Muuzaji ashazima simu. Kumbe kampuni iliyoitumia mwanzo iliifunga na haikuifungua ilipoiuza. Nywila ile haifutiki kwa kutoa betri kama watu wanavyodhani kwenye mashine hizi za kiofisi.

Basi kabla ya kulipa: zima, washa, ingia BIOS pale pale mbele yake. HP ni F10, ThinkPad F1, Dell F2. Ikidai nywila, irudishe kwenye kabati. Halafu fungua ile ripoti ya betri aliyoitaja mleta uzi, na programu ya CrystalDiskInfo uone afya ya diski na saa ilizofanya kazi. Bonyeza kila herufi ya kibodi. Muuzaji mwaminifu atakusubiri, tena atakuvutia kiti.

#8 Mama wa kijana

Habari zenu wanangu. Mimi kijana wangu amechaguliwa uhandisi, anaanza mwezi ujao. Baba yake alimwachia laptopu ya zamani, Core i5 nimesoma hapo mlivyoelekeza ni 4300U, ina RAM 4. Kijana anasema haifai, anataka ya milioni mbili na nusu. Nina milioni moja. Nimsikilize au niitengeneze hii?

#9 Mleta uzi

Shikamoo mama. Kijana ana haki upande mmoja, ile ya baba ni kizazi cha 4, kwa programu za uhandisi itamsumbua, na Windows 11 haiikubali. Usiweke hela nyingi pale. Lakini si lazima uende milioni mbili na nusu.

Kwa milioni yako tafuta mtumba wa kizazi cha 8 wenye RAM 16 na SSD. Mfano mzuri ni ThinkPad T480 ya 2018: ina nafasi mbili za RAM, na betri mbili, moja ndani na moja ya nyuma inayochomoka bila bisibisi. Akiwa darasani anachomoa ya nyuma anaweka nyingine bila kuzima. Angalia asiuziwe T490 kwa maneno "ndiyo hiyo hiyo mpya zaidi". T490 ni nzuri pia, ila RAM moja imechomelewa na betri haichomoki hivyo.

Kabla ya yote mwambie aulize wanafunzi wa mwaka wa pili wa kozi yake wanatumia programu gani. Kama kuna michoro mizito ya pande tatu, atahitaji mashine yenye kadi ya picha ya peke yake, hapo tuongee upya. Bakiza laki moja mama, ya begi lenye sponji na ya betri baadaye. Ile ya baba msiiuze, itieni SSD na Linux, wadogo zake wataifurahia.

#10 Mama wa kijana

Marahaba mwanangu. Hilo la kuuliza mwaka wa pili hatukuliwaza. Ile ya baba haitoki nyumbani.

#11 Fundi (Arusha)

Mama, akinunua tu, hata kama inawaka vizuri, ipelekwe ikasafishwe feni na kubadilishwa pesti. Mashine ya 2018 ambayo haijawahi kufunguliwa ina vumbi la nchi mbili.

#12 Mwanachuo

Nimerudi wakuu. Fundi kafungua, nafasi ya M.2 ipo, tupu kabisa, hata skrubu yake ipo imefungwa pembeni inasubiri. Nimeazima hela kwa mwenzangu, nimeweka GB 256, Windows mpya imekaa huko. Word inafungua utafiti wote bila kuganda, nikifungua na kivinjari ndiyo inaanza kuvuta miguu, hilo nimeelewa ni RAM. Nakala ziko kwenye flashi na kwenye barua pepe. Msimamizi anataka sura ya nne Ijumaa, naendelea.